Meseji za Chumba cha Nyuma

Jumatatu, tarehe 6

Mimi ni mtu wa bahati. Naandika hivi bila majivuno, kwa sababu majivuno ni ya watu wasio na ushahidi. Leo asubuhi Madamu, mwenye hii biashara ya kufulia, amewaangalia wafanyakazi wake wote, jicho likapita, likapita, likatua kwangu mimi wa kaunta. Akanichagua nichunguze kinachotuharibia kazi. Bahati yangu huwa inaamka kabla yangu, inanawa uso, inanisubiri mlangoni.

Jambo lenyewe zito. Hoteli kubwa imelalamika. Foronya zao zimepelekwa nyumba ya wageni, mashuka ya nyumba ya wageni yamepelekwa hotelini, na nyumba ya wageni wamekataa kurudisha foronya, wanasema hawajawahi kulala vizuri hivyo. Hoteli imetupunguzia kazi. Madamu akatukusanya, akasema mawili. La kwanza, humu ndani watu hawaelewani, wanajibizana kwenye simu kama wanandoa walionuniana. La pili, kazi imepungua, kwa hiyo Jumamosi mtu mmoja ataondoka, na mmoja kati ya watakaobaki atakuwa msimamizi.

Mashine ya kufulia ilikuwa imefika pale inapovuta pumzi.

Nitaje watu, maana shajara isiyo na watu ni kalenda. Chumba cha nyuma, ng'ambo ya ua, upande wa maji yupo Povu, mfuaji, kifua kama mlango. Pembeni yake Shangazi, mfuaji pia, mama wa makamo, si shangazi wa mtu yeyote hapa ila sote tunamwita hivyo. Upande wa pasi yupo Mama Mvuke, peke yake na pasi lake na meza yake. Gari la kupeleka nguo analo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye anautaka usimamizi na hajui kuficha. Mimi niko mbele, kaunta. Kaunta haiachwi, hiyo ni amri. Kwa hiyo mimi na chumba cha nyuma tunaongea kwa meseji za kundi.

Nilijua la kufanya papo hapo. Juzi mteja mmoja wa mashati meupe alinieleza kazi yake wakati namtafutia kifungo chake. Anachambua meseji za maofisini. Wanampa meseji zao fupi fupi, anazisoma, anawaambia nani anaongoza, nani ana kinyongo, nani anabania habari. Alinieleza kwa muda wa kutafuta kifungo tu, lakini mimi nashika haraka. Shule niliachia kidato cha pili. Akili haikupewa taarifa, ikaendelea.

Madamu anataka uchambuzi Alhamisi. Siwezi kukaa kwenye stuli. Nimekaa, nimesimama, nimekaa. Mteja mmoja ameniuliza kama stuli ina moto.


Jumanne, tarehe 7

Nimesoma meseji zote za kundi mpaka macho yakatoa machozi. Jamani, watu hawa wanaumwa. Mfano, hii ya wiki iliyopita, nainukuu kama ilivyo:

Mimi: Habari za asubuhi wapendwa, naomba kujua mashuka ya hoteli yamefikia wapi maana mteja amesimama hapa na uso wake si wa amani.
Povu: Yanakauka.
Mimi: Yanakauka kwa maana yamekaribia, au ndiyo kwanza yameanikwa?
Povu: Sawa.

Sawa nini? Mtu anaulizwa njia panda anajibu sawa. Hiyo ni hasira iliyofungiwa chumbani. Nimempa Povu alama ya Moto wa Chini kwa Chini.

Shangazi yeye ni "Haya." Unamwambia vitambaa vya meza vya ukumbi vina madoa, "Haya." Unamwambia mvua inakuja, "Haya." Siku ile niliandika kwamba mwanangu ameota jino la kwanza. "Haya." Nimempa alama ya Dharau ya Kimyakimya.

Najua mtu atasema kwamba ana kwa ana Povu ni mcheshi, anavunja watu mbavu pale getini, na Shangazi ananiita mwanangu na kunifuta vumbi begani. Ndiyo. Lakini uso unaweza kuigiza. Meseji haina misuli ya kuigizia. Hilo nimeligundua mwenyewe, mteja wa mashati hakuniambia.

Shemeji anatuma sauti tu, haandiki. Sauti siyo sayansi. Nimemtoa kwenye uchambuzi, na nimefurahi kumtoa.

Aliyenitisha ni Mama Mvuke. Nimerudi nyuma, nimerudi nyuma tena, miezi na miezi. Hajajibu chochote. Hata "Haya" moja. Wenzake wanajibu papo kwa papo, yeye anasoma na kunyamaza. Mtu anayeona kila kitu na hasemi kitu anapanga kitu. Nikasimama, nikazunguka kaunta, nikakaa.

Nyumbani nimejaribu mfumo kwa mke wangu. Aliandika: "Rudi na mkate." Maneno matatu, hakuna salamu, hakuna hata herufi ya mapenzi. Nikatembea njia nzima nikichambua. Nikafika na majibu, bila mkate. Mke wangu akasema mume mwenye majibu hapakwi siagi.


Jumatano, tarehe 8

Jaribio. Daktari hasubiri mgonjwa aumwe mwenyewe, anabonyeza. Asubuhi nikamtumia kila mmoja peke yake meseji ya upole: "Ndugu yangu, achana na kazi kidogo. Moyoni unajisikiaje leo?"

Povu akajibu: "Nafua."

Kabla sijameza mate, Shangazi: "Nafua."

Nikaweka simu chini taratibu, kama mtu aliyeshika yai. Neno lile lile, wakati ule ule, watu wawili, simu mbili. Hapo mtu wa kawaida angesema wote wanafua. Mimi nikaona mbali. Wamekula njama. Wamekubaliana jibu. Kuna mtu nyuma yao anayewapa maneno ya kusema.

Mama Mvuke hakujibu. Bila shaka.

Mchana nikamkuta kwenye bomba la uani anajaza chupa yake ya kunyunyizia. Jasho limempamba paji lote, khanga imefungwa kiunoni, anacheka kabla sijafika. Akaniuliza kama nyumbani kuna amani, maana mwanamume akianza kuwauliza watu habari za moyo saa za kazi, ama amefukuzwa kitandani ama anataka kugombea kitu. Nikasema ni utafiti. Akasema afadhali, alidhani nina homa. Akaitazama kola yangu, akasema nivue shati anipigie pasi haraka haraka, haiwezekani mtu wa mbele atembee na kola kama sikio la mbwa aliyelala. Akaenda nalo, akalirudisha lina moto bado, kola imesimama kama askari.

Nimeandika: mjanja sana. Ananihonga kola.

Halafu nikakaa na ile kola ina joto shingoni na nikajisikia vibaya kidogo. Ana watoto wawili na mama mkwe, na wote wanalitegemea lile pasi. Ila sayansi haina shemeji wala jirani. Nikajikaza kisabuni.

Shemeji alipita na gari, akanikuta nachora mishale kwenye karatasi kutoka kwa Mama Mvuke kwenda kwa Povu na Shangazi. Akaangalia. Akaniuliza taratibu kama nimewahi kuingia chumba cha nyuma tangu niajiriwe. Nikamwambia kaunta haiachwi. Akaniuliza kama najua wale watu wanawekaga simu zao wapi. Nikamwambia mfukoni, kama binadamu wengine. Akafumba mdomo, mashavu yakamjaa hewa, akaenda kwenye gari. Nikaona gari linatikisika na halijawashwa.

Wivu unatikisa vitu vingi.


Alhamisi, tarehe 9

Nimewasilisha. Madamu alikaa upande wa wateja, mimi nikasimama upande wangu, kola bado imesimama. Nilizungumza vizuri mpaka nikajionea wivu. Nilisema timu yetu ni mwili ambao mdomo uko mbali na sikio. Nilisema Povu ana moto wa chini kwa chini, na Shangazi ana dharau ya kimyakimya. Nilimwonyesha zile "Nafua" mbili. Madamu akazisoma, akanitazama, akazisoma tena. Akasema kweli, hata yeye zinamkeraga. Juzi alimwandikia Shangazi kumpa pole ya mafua, akajibiwa "Haya." Akaumia, ila hakumwambia mtu.

Kichwa changu kikaanza kuvimba. Nikajiona msimamizi. Nikaona hata mahali nitakapoweka kiti.

Halafu Madamu akauliza swali ambalo sikulipangia jibu. Akasema, sawa, kwa huo uchambuzi wako, nani aondoke?

Nilitaka kusema uchambuzi haufiki huko. Nilitaka kusema nipe siku. Lakini mdomo wangu haujui kuona nafasi wazi ikaiacha. Ukasema Mama Mvuke.

Madamu akakunja uso. Akasema Mama Mvuke ndiye pasi bora aliyewahi kumwajiri. Nikasema ndiyo hao, wanajificha kwenye ubora. Nikaendelea, siwezi kusimama nikishateremka. Nikasema tumjaribu kwanza: apelekwe upande wa maji avunje ukimya wake kati ya watu, na Povu aje kwenye pasi, apate utulivu. Kama baada ya hapo bado yuko kimya kwenye kundi, Jumamosi yeye ndiye.

Madamu akasema tujaribu. Kesho wanabadilishana. Yeye mwenyewe huwa haingii nyuma, mvuke unamharibia nywele, kwa hiyo akaniambia mimi nipeleke habari.

Nikaipeleka kwa meseji.

Povu: "Sawa."
Shangazi: "Haya."
Mama Mvuke hakujibu. Lakini sikio langu lilisikia kutoka ng'ambo ya ua, juu ya kelele za mashine, kitu kama pasi limewekwa chini kwa nguvu.

Nimetembea kati ya mlango na kaunta mpaka sakafu imeng'aa. Mteja wa kifungo alikuja kuchukua mashati, nikamwambia na mimi sasa ni mchambuzi. Akaniuliza natumia sampuli kubwa kiasi gani. Nikamwambia ya kutosha. Sikujua kama sampuli inapimwa kwa uzito au kwa urefu.


Ijumaa, tarehe 10

Muujiza. Mimi ni tabibu.

Asubuhi nikauliza, kama kawaida, vitambaa vya meza vya ukumbi wa harusi vimefikia wapi, maana ni vya kesho. Povu akajibu hivi, na ninanukuu neno kwa neno: "Kaunta wangu, kipenzi cha wateja na adui wa stuli, vitambaa vyako vimelala mbele yangu vyeupe kama meno ya mgombea, kimoja baada ya kingine navinyoosha, vikifika huko bibi harusi atasahau bwana harusi aolewe na meza."

Yule yule wa "Sawa." Siku moja tu ya utulivu.

Kisha Shangazi. Shangazi anayesali kabla ya kufungua sabuni. Akaandika: "Mwanangu wa mbele, taulo za hoteli zinakuja zinanukia kuliko wewe, jihadhari wateja wasikupite wakakumbatia taulo." Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Dharau yote imeyeyuka. Madamu naye akamwandikia Shangazi kumuuliza hali ya mafua, Shangazi akamjibu kwamba pua imepona na sasa inasikia harufu ya pesa za Madamu kutoka mbali. Madamu alikuja kaunta mwenyewe kunionyesha. Alikuwa amefurahi kama msichana.

Na kubwa kuliko yote: Mama Mvuke amejibu. Baada ya miezi. "Nipo, msimamizi mtarajiwa. Maji ya baridi ila roho ya moto. Umetufungua midomo, nani atatufunga?"

Msimamizi mtarajiwa. Ameandika yeye. Nilimwonyesha Madamu. Nikasema, unaona, hata anayeshukiwa anakiri. Madamu akasema kama mambo ni haya, basi huyu hafai kuondoka, itabidi tuangalie mwingine. Nikapumua. Kola ikanilegea shingoni. Nilikuwa nimebeba kile kitu tangu jana, sasa nimekishusha. Mama Mvuke amepona, mimi nimepanda, nani amepoteza?

Siku nzima simu inalia. Kila nikiuliza kitu kidogo najibiwa barua. Nikaongeza maswali kwa raha tu. Niliuliza hata maji yana hali gani. Povu akaniandikia habari za maji mpaka nikateleza kidole kushuka chini.

Kuna harufu ya kuungua tangu mchana. Jirani anachoma takataka. Nimefunga dirisha.

Shemeji ametuma sauti kwenye kundi. Nimeifungua. Ni kicheko kitupu, kirefu, kinapoishia kuna kukohoa, halafu kinaanza upya.


Jumamosi, tarehe 11

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mikono imelowa, karatasi imelowa. Nitaeleza kwa mpangilio, kama mpangilio bado upo.

Asubuhi shemeji akapeleka vitambaa ukumbini. Akarudi navyo. Hakucheka, jambo ambalo kwake ni ugonjwa. Akafungua kimoja juu ya kaunta yangu. Katikati, alama ya pasi, ya kahawia, imekamilika, na ncha yake. Akafungua cha pili. Alama mbili, zimefuatana, kama bata mkubwa alipita kwenda kunywa maji. Cha tatu, tuliona mwanga kupitia katikati yake.

Mwenye ukumbi alipiga simu. Madamu aliiweka mbali na sikio, sote tukasikia. Hakutumia meseji, na kwa mara ya kwanza wiki hii niliona faida ya meseji fupi.

Madamu akajifunga taulo kichwani, juu ya nywele, akavuka ua. Nikamfuata. Kaunta niliiacha, Mungu anisamehe. Shemeji nyuma yangu, anajifinya asicheke.

Chumba cha nyuma sijawahi kukiona. Kina mvuke kama sufuria. Upande wa maji, Shangazi na Mama Mvuke wamezama mikono mpaka viwiko, glavu za mpira, povu mpaka kidevuni. Na juu ya meza ya pasi, kwenye rafu kavu, zimepangwa simu. Ya Povu. Ya Shangazi. Ya Mama Mvuke. Zimejipanga kama wagonjwa wanaosubiri daktari.

Povu alikuwa amesimama mbele ya meza hiyo. Mkono mmoja pasi, mkono mwingine simu ya Shangazi. Kidole gumba kinakimbia, ulimi umetoka pembeni, anatabasamu. Chini ya pasi moshi unapanda.

Madamu akauliza hii ni nini.

Shangazi ndiye aliyeeleza, na kwa upole, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Upande wa maji mikono imelowa siku nzima, nani atashika simu? Kwa hiyo tangu zamani simu zote zinakaa upande wa pasi, na mwenye pasi ndiye mwenye mkono mkavu, ndiye anayejibu kwa niaba ya wote. Kaunta akiuliza, mwenye pasi anasoma kwa sauti, wenye maji wanajibu kwa sauti, yeye anaandika. Povu akaongeza kwamba majibu yake ya siku zote yalikuwa marefu tu na matamu, anayasema kwa kelele kutoka kwenye maji, ila Mama Mvuke alikuwa anayakata.

Madamu akamgeukia Mama Mvuke. Kwa nini anakata maneno ya watu?

Mama Mvuke akatoa mikono majini. Akasema pasi halisubiri. Ukishika pasi mkono mmoja, una nafasi ya neno moja, ukiandika la pili kitambaa kinaanza kunukia. Ndiyo maana "Sawa." Ndiyo maana "Haya." Na simu yake mwenyewe? Akasema akimaliza kuwajibia hao wawili zamu ya yake haifiki kamwe.

Kila mtu akageuka kumwangalia Povu, na vile vitambaa. Povu akaliweka pasi kando, akakiri kwamba jana alifika patamu, pale pa bibi harusi kuolewa na meza, akashindwa kuishia njiani.

Miguu yangu ikataka kuondoka. Moto wa chini kwa chini, dharau ya kimyakimya, njama, mishale yote. Nilikuwa nimechambua mtu mmoja. Nilikuwa nimechambua pasi.

Nilidhani yataishia kwenye kicheko. Hayakuishia. Madamu alikuwa ametoka kupigiwa kelele na mwenye ukumbi, nywele zinaanza kujikunja chini ya taulo, na pole yake ya mafua ilijibiwa "Haya" na mtu ambaye hata hakuwa na mafua. Akasema hataki mtu anayesema kwa midomo ya wenzake. Akasema leo ni Jumamosi, alisema mtu ataondoka, na uchambuzi umemtaja. Akanyoosha kidole. Mama Mvuke.

Povu akaanza kusema kwamba simu walimpa wenyewe. Shangazi akaanza kuomba. Madamu akainua kiganja.

Mama Mvuke hakulia wala hakunitazama kwa ubaya. Ingekuwa afadhali. Alifuta mikono kwenye khanga, akaangalia lundo la foronya mezani, akauliza kama azimalize zile kwanza au aziache hivyo hivyo, maana zikikauka na makunyanzi itakuwa kazi mara mbili kwa atakayefuata.

Hapo, mdomo wangu tena. Nikasikia unasema kwamba uchambuzi ni takataka. Kwamba nilimtaja kwa sababu niliulizwa jina na sikuwa na jina. Kwamba kumtoa kwenye pasi lilikuwa wazo langu, na kumweka Povu pale ni mimi, kwa hiyo vile vitambaa nimeviunguza mimi kutoka kaunta bila hata kushika pasi. Kwamba akiondoka huyu, na mimi naondoka.

Nilitegemea mtu aniambie hapana, kaunta, usiseme hivyo. Mvuke tu ukapita.

Madamu akasema kumbe jibu alikuwa nalo mbele siku zote. Mtu anayekaa kwenye stuli anauliza mashuka yako wapi, anaweza kukatwa bila shuka hata moja kuchelewa. Kazi ya kaunta imefutwa kuanzia leo. Ataweka kengele. Mteja akija, agonge, aliye karibu atatoka.

Nafasi yangu imechukuliwa na kengele.

Mama Mvuke ndiye aliyesema, akiwa tayari amerudi mezani na pasi mkononi, kwamba hata Povu akirudi majini, upande ule siku zote unapungukiwa jozi moja ya mikono, na kwamba mikono ya huyu si mibovu, ni mdomo tu. Shangazi akasema ni mwanawe, atamfundisha. Madamu akasema haya, lakini asichambue mtu. Usimamizi akampa shemeji, kwa sababu ndiye pekee aliyejua simu zinawekwa wapi.

Shemeji amekwenda kununua kengele mwenyewe. Ameijaribu. Ameijaribu tena. Anaijaribu sasa hivi.


Jumatatu, tarehe 13

Siku ya kwanza majini. Vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyeoga mpaka akasahaulika. Shangazi ananionyesha namna ya kukamua bila kuvunja kiuno. Povu anapiga soga bila kikomo, na sasa naelewa kwa nini ilibidi akatwe.

Simu yangu ipo juu ya rafu, ya nne kutoka ukutani. Mchana Mama Mvuke akasoma kwa sauti: mke wangu anataka nikitoka nipitie viatu vya mtoto kwa fundi. Nikaanza kumpa jibu, kwamba nimesikia, kwamba njia ile ina matope ila nitapita kwa mama wa genge, kwamba fundi yule ana dharau na kuna siku aliniambia. Mama Mvuke akagusa kioo mara chache, akarudi kwenye foronya. Nikamuuliza ameandika nini. Akasema ameandika "Nitapitia." Mke wangu akarudisha moyo mwekundu. Miaka yote ya ndoa sijawahi kutumiwa ule.

Nimekaa kidogo nikaona maisha ni haya. Kazi, maji, watu wazuri, jioni viatu vya mtoto. Nimetulia karibu muda wa shuka moja.

Kisha nikaanza kumwangalia Povu anavyokamua. Anakamua kuelekea kushoto. Shuka baada ya shuka, kushoto. Shangazi anakamua kulia, lakini taulo, na taulo tu, anakamua kushoto. Kwa nini taulo? Na leo nimemwona shemeji msimamizi akibeba kikapu anatanguliza goti la kulia, jambo ambalo hakufanya wiki iliyopita. Kuna kitu hapa. Mikono haidanganyi. Meseji zinaweza kuandikwa na mtu mwingine, hilo nimelithibitisha kisayansi, lakini nani anakukamulia shuka yako?

Nimemwomba Mama Mvuke amwandikie Madamu kwamba nina mfumo mpya, mkubwa kuliko ule, nataka Alhamisi nafasi ya kuuwasilisha. Nimemsomea yote polepole. Yeye ameniambia tayari, ametuma. Madamu amejibu kwamba amefurahi kusikia naendelea vizuri.

Nitaanza na Povu. Kesho nasimama kushoto kwake.

Na kwa kuwa mikono haidanganyi, na ndiyo inayoandika hapa, ile habari ya bahati niliyoandika Jumatatu iliyopita, kwamba Madamu alinichagua mbele ya wote: si kweli. Hakunichagua mtu. Nilimfuata mpaka kwenye gari lake, nikashika mlango, nikaomba mpaka akasema fanya unachotaka, ila uachie mlango. Bahati sina, na sijawahi kuwa nayo.